Uvimbe wa Taya la Mtoto: Si Kila Mara ni Jino

Juma hili tutazungumza juu ya ugonjwa mmoja mbaya unaowapata watoto wetu. Ugonjwa huu ni saratani. Wengine huiita kansa. Najua neno hili linaogopesha. Lakini saratani ninayotaka kuieleza ina jambo moja la kutia moyo. Inatibika. Watoto wengi hupona kabisa, kama wakiwahishwa hospitali na kama wakimaliza dawa.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili nanyi mpate somo.

KOSA LA SIKU KUMI

Wakati wa masika alikuja mama mmoja katika zahanati yetu. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 6. Shavu la kulia la mtoto lilikuwa limevimba. Nilimtazama kinywani. Niliona ufizi umevimba na meno mawili ya nyuma yanacheza.

Nikamwambia, "Mama, hili ni jino bovu." Nikampa dawa ya kuua vijidudu na dawa ya maumivu. Nikamwambia arudi baada ya siku tano.

Siku ya tano mto ulikuwa umefurika, hawakuweza kuvuka. Walirudi siku ya kumi. Nilipomwona mtoto nilishtuka. Uvimbe ulikuwa umekua mara nyingi kuliko mwanzo. Jicho la upande ule lilikuwa limesukumwa juu. Sasa meno manne yalikuwa yanacheza. Lakini mtoto hakulia kwa maumivu, wala usaha haukutoka.

Hapo nikakumbuka tulivyofundishwa chuoni. Jino bovu kwa kawaida huuma sana, na mara nyingi hutoa usaha. Taya likivimba upesi bila maumivu makali, na meno yakalegea, mganga afikirie saratani. Mimi sikufikiria. Siku ile ile niliandika barua ya kumpeleka mtoto hospitali ya wilaya, na wao wakampeleka hospitali ya rufaa.

Siku kumi zilipotea. Kwa ugonjwa mwingine siku kumi si nyingi. Kwa ugonjwa huu ni nyingi mno. Nitaeleza kwa nini.

NI UGONJWA GANI?

Mwili wa mtu una askari wake. Askari hao ni chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Hukaa katika damu, katika uboho wa mifupa, na katika matezi. Matezi ni vile vivimbe vidogo unavyoweza kuvigusa shingoni, makwapani na kinenani unapokuwa na kidonda.

Kundi moja la askari hao huitwa chembe za B. Kazi yao ni kutengeneza silaha za kupigana na vijidudu. Vijidudu vikiingia mwilini, chembe za B huzaana ziwe nyingi. Vijidudu vikishindwa, chembe za ziada hufa. Huo ndio utaratibu wa mwili wenye afya.

Lakini mara chache chembe moja huharibika. Inakataa kufa. Inajigawa na kuwa mbili. Mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane. Hazipigani tena na vijidudu, zinazaana tu. Ni kama magugu katika shamba la mahindi. Yanakula mbolea, yanakunywa maji, na hayatoi chakula.

Saratani ya chembe hizi huitwa limfoma. Watu wengi huiita saratani ya matezi. Ziko aina nyingi. Nyingine hukua polepole kwa miaka. Nyingine hukua upesi sana. Hii ya taya la watoto ni miongoni mwa zile za upesi kabisa. Inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Leo uvimbe ni kama harage. Baada ya juma moja ni kama ndimu. Ndiyo sababu nasema siku kumi ni nyingi mno.

ULIVYOTAMBULIWA

Ugonjwa huu ulielezwa vizuri kwanza hapa hapa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1957 daktari mpasuaji aliyeitwa Denis Burkitt alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, nchini Uganda. Aliitwa kumtazama mtoto mdogo aliyevimba mataya pande zote mbili. Hakuwa amepata kuona uvimbe wa namna hiyo. Baada ya majuma machache alikwenda Jinja. Huko akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule. Mtoto huyo alikuwa na vivimbe tumboni pia.

Burkitt akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali. Aliona kwamba watoto waliovimba taya na watoto waliovimba tumbo walikuwa na ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliandika habari zake. Ndiyo maana ugonjwa huu unaitwa limfoma ya Burkitt.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu. Walisafiri kwa majuma kumi, yapata kilometa 16,000, kutoka Uganda kupita Tanganyika hadi Afrika ya Kusini. Katika kila hospitali waliuliza swali moja: je, mnawaona watoto wenye uvimbe huu? Jibu lilikuwa wazi. Mahali penye joto na mvua nyingi ugonjwa ulikuwapo. Katika nyanda za juu zenye baridi ulikuwa adimu. Walipochora ramani, iliendana na ramani ya mbu wa malaria.

UNALETWA NA NINI?

Ndugu msomaji, saratani hii hailetwi na uchawi. Hailetwi na laana ya ukoo, wala na mama kula chakula fulani alipokuwa mja mzito. Leo tunajua mambo mawili yanayosaidiana kuuleta.

Jambo la kwanza ni virusi. Mwaka 1964 wataalamu watatu mjini London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, walitazama uvimbe uliotoka Uganda kwa darubini kubwa ya umeme. Waliona virusi ndani ya chembe za saratani. Virusi hivyo vinaitwa Epstein-Barr. Huenea kwa mate. Katika vijiji vyetu karibu kila mtoto huvipata akiwa bado mdogo, na walio wengi havipati kuwadhuru.

Jambo la pili ni malaria. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, askari wake wa mwili huchoka. Chembe za B huzaana kupita kiasi, na wale wanaozilinda zisikosee hudhoofika. Hapo chembe moja yaweza kuharibika na kuwa saratani.

Hapa Tanzania lilifanywa jaribio la maana katika Mara ya Kaskazini. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 watoto waligawiwa klorokwini ili wasipate malaria. Wagonjwa wa saratani hii walipungua. Lakini walikuwa wameanza kupungua hata kabla ya dawa kugawiwa. Kwa hiyo wataalamu hawakuweza kukata shauri kwa jaribio hilo peke yake. Ilibidi utafiti mwingine ufuate, nao umezidi kuonyesha kwamba malaria ina sehemu yake katika ugonjwa huu.

Basi chandarua chenye dawa ni kinga ya homa, na pia humpunguzia mtoto hatari ya saratani hii. Mlaze mtoto ndani ya chandarua kila usiku, masika na kiangazi. Homa ikimshika, apimwe na atibiwe mapema.

Jambo jingine la kukumbuka: saratani yenyewe haiambukizi. Mtoto mgonjwa ale sahani moja na ndugu zake. Alale nao. Acheze nao. Kumtenga ni kumwongezea ugonjwa wa moyo wa huzuni.

DALILI ZAKE

Ugonjwa huu huwapata hasa watoto wa miaka 4 hadi 7, lakini wakubwa na wadogo kuliko hapo pia huupata. Wavulana huupata zaidi kuliko wasichana. Angalia dalili hizi:

1. Taya au shavu linavimba upesi, upande mmoja au pande zote mbili.
2. Meno ya nyuma yanalegea au yanatoka, na mtoto haumwi sana.
3. Jicho linatokeza nje.
4. Tumbo linavimba upesi, au unagusa kitu kigumu tumboni.
5. Miguu inakosa nguvu ghafula, au mtoto anashindwa kukojoa. Hii ina maana kwamba uvimbe unabana uti wa mgongo. Usingoje kesho.

Ukiona dalili moja kati ya hizi, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Mganga akikupa dawa ya jino na uvimbe ukazidi kukua kwa siku mbili au tatu, rudi. Usione haya kumwambia mganga, "Dawa yako haikusaidia." Sisi waganga tunakosea. Nimekwisha kuwaambia kosa langu.

Kuna mambo ya kuepuka. Usimpeleke mtoto kwa mng'oa meno wa sokoni. Usichanje uvimbe kwa wembe. Usiuchome moto. Usiukande kwa majani ya moto. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloua saratani. Yote hupoteza siku, na kidonda chaweza kuingia vijidudu.

MATIBABU YA HOSPITALI

Kazi ya kwanza ya daktari ni kuhakikisha. Atachukua kipande kidogo cha uvimbe na kukipeleka kipimwe kwa darubini. Watu husema kwamba uvimbe ukiguswa kwa chuma, saratani hutapakaa. Maneno hayo yamewazuia wengi wasipimwe. Kipimo hakiuenezi ugonjwa huu, na bila kipimo daktari hajui atoe dawa gani. Atapiga pia picha ya tumbo, atapima damu, uboho, na maji ya uti wa mgongo. Kutolewa maji hayo hakumfanyi mtoto kuwa kiwete.

Kazi ya pili ni kumpa mtoto maji mengi, ya mshipani na ya kunywa. Dawa zikianza kufanya kazi, chembe nyingi za saratani hufa kwa mara moja. Taka zake huingia katika damu na zaweza kuziba figo. Maji huziosha. Hupewa pia vidonge viitwavyo alopurinoli vya kuzilinda figo. Kwa hiyo mama akiambiwa, "Mnyweshe mtoto maji na umpimie mkojo," asione ni jambo dogo. Hiyo nayo ni tiba.

Kazi ya tatu ni dawa zenyewe. Kubwa kati yake ni siklofosfamaidi. Mara nyingi hutolewa pamoja na vinkristini, methotreksati na prednisoloni. Nyingi huingizwa kwa mshipa wa damu. Nyingine huingizwa katika maji ya uti wa mgongo, kwa sababu saratani hii hupenda kujificha huko na katika ubongo.

Kukata taya siyo dawa ya ugonjwa huu. Kabla ya dawa hizi kujulikana, madaktari walijaribu kupasua. Watoto waliharibiwa sura na bado walikufa. Ni katika miaka ya 1960, dawa zilipoanza kutumika hapa Afrika ya Mashariki, ndipo watoto walipoanza kupona. Madaktari wa nchi nyingi walijifunza hapa kwamba saratani yaweza kuponywa kwa dawa peke yake. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilianzishwa Mulago, nacho ndicho kilichozaa taasisi ya saratani ya Uganda.

Leo hapa Tanzania watoto wenye saratani hutibiwa katika hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi. Ukiwa huna uwezo, usikate tamaa. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali.

SHIDA ZA DAWA

Dawa hizi ni kali. Haziwezi kubagua vizuri chembe mbaya na chembe nzuri. Nywele hunyonyoka, lakini huota tena. Mtoto hutapika na kukosa hamu ya chakula. Midomo huota vidonda. Vinkristini hufunga choo.

Hatari kubwa ni homa. Dawa hupunguza askari wote wa mwili kwa muda. Kijidudu kidogo kinaweza kumwua mtoto kwa siku moja. Mtoto aliye katika matibabu akipata homa, hata usiku, apelekwe hospitali. Usimpe panado ukangoja asubuhi. Mwambie mhudumu yeyote utakayemkuta, "Mtoto huyu anatumia dawa za saratani."

Nyumbani, osha mikono kwa sabuni. Chemsha maji ya kunywa. Pika chakula kiive. Mpe mtoto uji wenye nguvu, maharage, mayai na matunda yaliyooshwa.

UVIMBE UMEKWISHA, UGONJWA HAUJAISHA

Ndugu wasomaji, tafadhali someni sehemu hii mara mbili.

Saratani hii hukua upesi, na hunywea upesi. Mtoto akipata dawa mara ya kwanza, uvimbe unaweza kupungua kwa siku chache tu. Baada ya mara mbili sura inarudi kama zamani. Wazazi wanafurahi. Wanasema, "Amepona, twende nyumbani tukapalilie." Hawarudi tena.

Lakini chembe chache zimebaki zimejificha. Zinazaana tena. Baada ya majuma au miezi uvimbe unarudi, na sasa ni sugu. Ni kama mpigaji magugu aliyekata majani akaacha mizizi. Matibabu kamili ya saratani hii huchukua miezi. Daktari ndiye anayesema mwisho, si macho yetu.

Yule mtoto niliyewaeleza naye alitaka kukatizwa. Baada ya dawa ya pili alirudi nyumbani shavu likiwa safi. Tarehe ya kurudi hospitali ilifika, hawakwenda. Nilitembea hadi kwao. Nilimkuta babu yake chini ya mwembe.

"Shikamoo babu," nikasema.

"Marahaba kijana. Karibu. Mjukuu wangu amepona, kama unavyomwona. Nimekwisha kuuza mbuzi watatu. Aliyebaki ni wa mbegu."

Sikuwa na jibu la haraka. Maneno yake yalikuwa ya kweli. Nauli ni kubwa. Mama akienda hospitali na mtoto mmoja, wengine wanne hubaki nyumbani, na shamba huota majani. Tukakaa. Nikamweleza habari ya mizizi ya magugu. Babu ni mkulima, alielewa upesi kuliko mimi nilivyoelewa chuoni. Jioni ile alimwita mwenyekiti wa kitongoji. Watu wakachanga nauli. Shangazi akachukua watoto wadogo. Jirani wawili wakapalilia shamba lao kwa siku mbili.

Mbuzi wa mbegu hakuuzwa.

JE, WATOTO WANGAPI HUPONA?

Katika nchi tajiri, watoto 9 kati ya 10 wenye limfoma ya Burkitt hupona. Katika nchi zetu za Afrika, mahali pengi wanapona nusu, au zaidi kidogo ya nusu. Tofauti hii haitokani na damu yetu. Inatokana na watoto kuchelewa kufika, kukatiza dawa, kuwa na utapiamlo, na upungufu wa dawa na damu hospitalini. Mambo mawili ya kwanza yamo mikononi mwetu sisi wanakijiji.

Saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi katika mwaka wa kwanza. Mtoto akipita miaka miwili bila kurudiwa, karibu hakika amepona. Atakua, atasoma, atalima, ataoa au ataolewa kama wengine. Hata hivyo aendelee kupimwa kwa tarehe anazopewa. Baadhi ya dawa zikitumika kwa wingi zaweza kudhoofisha moyo au uwezo wa kupata watoto. Akifika ukubwani amweleze daktari kwamba aliwahi kutibiwa saratani. Kwa hiyo karatasi za hospitali zitunzwe vizuri, zisifanywe za kuwashia moto.

KWA WATU WAZIMA

Watu wazima nao hupata saratani za chembe za B. Nitaeleza kwa kifupi.

Aina moja hukua upesi na huitwa limfoma ya chembe kubwa za B. Mtu huota matezi shingoni, makwapani au tumboni. Anakonda, anapata homa, na usiku anatoka jasho la kulowesha shuka. Dalili hizi zinafanana na za kifua kikuu. Kwa hiyo wengine hutibiwa kifua kikuu kwa miezi bila kupata nafuu. Ukiwa unatumia dawa za kifua kikuu na matezi yanazidi kukua, mwambie daktari. Kipande cha tezi kipimwe.

Wenye virusi vya UKIMWI hupata limfoma zaidi kuliko wengine. Lakini nao hutibiwa, dawa za saratani pamoja na dawa za kupunguza makali ya virusi.

Matibabu ya aina hii ni dawa nne kwa pamoja. Hutolewa kila baada ya majuma matatu, mara nyingi kwa zamu sita. Mwaka 1997 dawa nyingine iitwayo rituksimabu ilikubaliwa Marekani. Hiyo hushika chembe za B na kuziangamiza. Ikiongezwa kwa zile nne, wagonjwa wapatao 6 kati ya 10 hupona kabisa.

Ziko pia limfoma za polepole. Hizo ni vigumu kuzimaliza kabisa, lakini mgonjwa anaweza kuishi nazo miaka mingi. Wengine hawapewi dawa mara moja. Daktari huwapima na kungoja. Daktari akikwambia hivyo, hajakutupa. Nenda kila unapoitwa.

SARATANI YA MATEZI TUMBONI

Limfoma inaweza pia kuota katika tumbo la chakula. Habari yake ni ya ajabu kidogo.

Mwaka 1982, huko Australia, madaktari Robin Warren na Barry Marshall waligundua kijidudu kinachoishi ndani ya tumbo la chakula. Kinaitwa Helikobakta pailori. Ndicho kinacholeta vidonda vingi vya tumbo. Kwa kazi hiyo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Watu wengi wanacho, na walio wengi hawapati saratani. Lakini kwa wachache, kijidudu hiki huwachokoza askari wa mwili kwa miaka mingi. Chembe za B hukusanyika tumboni kupigana nacho. Mwishoni baadhi yake zinaharibika na kuwa limfoma ya polepole.

Mwaka 1993 madaktari waliwapa wagonjwa 6 wa limfoma hiyo dawa za kuua kijidudu tu, bila dawa za saratani. Kwa wagonjwa 5 saratani ilinywea. Ulipokosekana uchokozi, askari walioasi walikosa nguvu.

Leo, mtu mwenye aina hii ikiwa bado changa, huanza kupewa dawa za kuua kijidudu, kama amoksisilini na klarithromaisini, pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Huzimeza kwa siku 10 hadi 14. Wagonjwa kama 3 kati ya 4 saratani yao huondoka. Lakini haiondoki kwa siku moja. Yaweza kuchukua miezi, hata mwaka na zaidi. Daktari huendelea kutazama ndani ya tumbo kwa mpira mwembamba wenye taa. Isipoondoka, kuna mionzi na dawa nyingine. Wengi wa wagonjwa hawa huishi miaka kumi na zaidi. Lakini kama limfoma ya tumbo ni ile ya chembe kubwa inayokua upesi, basi hutibiwa kwa zile dawa kali nilizozitaja.

Kwa hiyo mtu mwenye maumivu ya tumbo asinunue dawa dukani mwezi baada ya mwezi. Akikonda, akishiba kwa matonge machache, akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, aende hospitali. Dawa za duka zaweza kutuliza maumivu huku ugonjwa unakua.

MTOTO YULE YU WAPI?

Alimaliza dawa zote. Mama yake alisafiri naye kila tarehe aliyopangiwa. Sasa ni mwaka wa tatu tangu amalize. Yuko darasa la tatu. Meno yake ya upande wa kulia yameota kombo, na wenzake humtania. Yeye huwacheka tu. Kila anapopita zahanati na kitabu chake mkononi, mimi humtazama shavu kwanza, kisha humsalimia.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Basi tusifiche, tusingoje, na tukianza dawa tusiache njiani.

YA KUKUMBUKA

1. Taya au tumbo la mtoto likivimba upesi, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.
2. Meno yakilegea bila maumivu makali, usimpeleke kwa mng'oa meno.
3. Uvimbe ukinywea, endelea na dawa mpaka daktari aseme basi.
4. Homa wakati wa matibabu ni ya hatari. Nenda hospitali.
5. Chandarua kila usiku.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini mganga wa habari hii alisema siku kumi ni nyingi mno?
2. Kwa nini wazazi hukatiza matibabu? Kijiji chetu kinaweza kuwasaidiaje?
3. Je, katika kitongoji chenu yuko mtoto mwenye uvimbe? Nani atakwenda kwao leo?